Si Kweli Kwamba kwa Wayahudi Kifo Ndio Mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wa dini, ambayo mwandishi wake, alipokuwa akilinganisha imani za dini tatu zinazojinasibisha na Nabii Ibrahimu, alisema kwa mkato kwamba Wayahudi hawaamini maisha baada ya kifo, kwamba kwao mtu akishafukiwa habari yake imekwisha, na kwamba hiyo ndiyo sababu wanashughulikia mno mambo ya dunia. Zilikuwa sentensi tatu tu katikati ya makala ndefu ambayo sehemu zake nyingine nilizisoma kwa kunufaika, lakini zimenikosesha raha kwa wiki nzima.

Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Mombasa. Siandiki kwa niaba ya Wayahudi wala sina mamlaka ya kuwasemea. Naandika kwa sababu nilikuwa karani wa hesabu katika duka la Myahudi mmoja jijini Nairobi kwa miaka 11, nikashika sepetu siku ya kumzika, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu jambo hili. Kusema juu ya watu wengine kwamba hawana ahera ni kusema kwamba hawana tumaini lolote juu ya wazazi wao waliowazika, na neno zito kama hilo halifai kupelekwa mtamboni kabla wenyewe hawajaulizwa.

Nadhani ninajua kosa hilo lilikotoka. Mtu akiisoma Biblia ya Kiebrania, ile ambayo Wakristo huiita Agano la Kale, akaishia hapo bila kuvifungua vitabu vilivyofuata, ataona kwamba vitabu vya mwanzo havina maneno mengi juu ya wafu. Wafu wanashuka Sheoli, mahali ambapo Biblia zetu za Kiswahili zimepaita kuzimu, penye giza na kimya, wanakokwenda wema na waovu pamoja. Zaburi inasema wafu hawamsifu Mungu, na Mhubiri anasema walio hai wanajua kwamba watakufa, ilhali waliokufa hawajui neno lolote. Aliyesoma aya hizo peke yake anaweza kukata shauri kwamba habari imeishia hapo. Lakini hata katika vitabu hivyo hivyo, mfalme Sauli alipokwenda usiku kwa mwanamke wa Endori ili apandishiwe Samweli aliyekwisha kufa, Samweli alipanda akiwa amevaa joho lake, akamlaumu Sauli kwa kumsumbua, na asiyekuwepo tena hasumbuliwi. Tena Taurati inakataza kuwauliza wafu shauri, na katazo hilo lisingekuwa na maana mahali ambapo hakuna anayeamini kwamba wafu wapo. Mhubiri huyo huyo, akikaribia kumaliza kitabu chake, anasema mavumbi yanairudia nchi na roho inamrudia Mungu aliyeitoa.

Chimbuko la pili la kosa hilo, nadhani, ni Masadukayo. Wasomaji wa Injili wanawakumbuka: ndio waliomwendea Yesu na kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu 7, wakitaka kuonyesha kwamba ufufuo hauingii akilini. Walikuwa watu wa koo za makuhani na wenye mali, wakalikana jambo lolote ambalo hawakuliona wazi katika Taurati. Lakini Warumi walipoliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Masadukayo walipoteza mhimili wao na kundi lao likatoweka. Waliobaki wakaijenga upya dini ni warithi wa Mafarisayo, nao Mafarisayo waliuamini ufufuo na wakabishana na Masadukayo kwa ajili yake. Kuwahukumu Wayahudi wa leo kwa kauli ya Masadukayo ni kumpelekea mtu hati ya deni la ukoo mwingine.

Sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapa, kwa maana maneno tunayoyatumia kila siku katika jambo hili ni ndugu wa damu wa maneno yao. Wao husema nefesh, sisi tunasema nafsi. Wao husema ruakh, sisi tunasema roho. Wanapomzika mtu, shimo wanaliita kever, nasi kwetu ni kaburi. Jehanamu yetu imetoka kwenye bonde la Hinomu lililo kando ya Yerusalemu ya kale, bonde ambalo nabii Yeremia alililaani kwa sababu watu waliwateketeza watoto wao humo kwa moto, na ambalo kwa Kiebrania huitwa Gehinom. Sisi maneno hayo tuliyapata kwa Waarabu, ambao lugha yao na Kiebrania ni mtu na dada yake. Nilipoligundua jambo hili nikiwa kijana, nilihisi kama mtu aliyekwenda ugenini akakuta wenyeji wanalitaja jina la bibi yake mzaa mama.

Mbali na nefesh na ruakh, liko neno lao la tatu ambalo halikutufikia, nalo ni neshama, pumzi. Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu alimwumba mtu kwa mavumbi ya ardhi, akampulizia puani pumzi ya uhai, mtu akawa nafsi hai. Naomba msomaji asimame kwenye neno hilo la mwisho. Haikusemwa kwamba mtu alipewa nafsi. Imesemwa akawa nafsi. Katika Kiebrania cha kale nefesh ni uhai wa mtu na ni mtu mwenyewe, kama sisi tunavyosema nafsi yangu tukiwa na maana ya mimi. Wazo la roho iliyotiwa mwilini kama ndege tunduni, ikingoja kufunguliwa, lilikuja baadaye. Wenye elimu ya siri, iitwayo Kabala, ndio waliopanga ngazi: nefesh ni uhai wa mwili, ruakh ni mahali pa hisia na tabia, neshama ni ile pumzi iliyotoka kwa Mungu mwenyewe, na juu yake wakaongeza ngazi 2 zinazozidi kumkaribia Yeye.

Myahudi mcha Mungu anapofumbua macho asubuhi, maneno yake ya kwanza kabla hajashuka kitandani ni kumshukuru Mungu kwa kumrudishia roho yake kwa rehema. Kisha, katika sala ya asubuhi, anasoma maneno yaliyohifadhiwa katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya walimu wao wa kale, maneno ambayo maana yake ni kwamba roho uliyonitia, Ee Mungu wangu, ni safi, wewe uliiumba, wewe ulinipulizia, nawe utaiondoa kwangu na kunirudishia wakati ujao. Marabi wa Talmudi, yaani walimu hao, walisema usingizi ni sehemu moja katika sehemu 60 za mauti, na wazee wetu husema usingizi ni ndugu wa mauti. Mtu anayesema kila asubuhi ya maisha yake kwamba roho yake itaondolewa na kurudishwa, tutamwitaje mtu asiye na ahera?

Imani ya ufufuo haikuzuka siku moja. Nabii Ezekieli aliona bonde la mifupa mikavu ikivikwa nyama na kusimama, ingawa yeye mwenyewe aliambiwa kwamba mifupa hiyo ni taifa la Israeli lililokata tamaa uhamishoni. Kitabu cha Danieli ndicho kinachosema waziwazi kwamba wengi wa wanaolala katika mavumbi wataamka, wengine kwa uzima wa milele na wengine kwa aibu. Wataalamu wengi wanakihusisha kitabu hicho na dhiki ya mwaka 167 kabla ya Kristo, wakati mfalme Antiochus wa 4 alipopiga marufuku sheria ya Musa na watu wakauawa kwa kukataa kula nguruwe. Hapo swali la haki liliwabana watu koo. Zamani waliamini kwamba mwenye kuishika sheria huongezewa siku za kuishi. Sasa walioishika ndio waliouawa, na walioiacha wakanenepa. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Wayahudi hawakukitia katika Biblia yao lakini wasomaji Wakatoliki wanacho katika yao, kinasimulia habari za mama aliyeshuhudia wanawe 7 wakiuawa kwa siku moja. Mmoja wao, alipoambiwa atoe ulimi ukatwe, aliutoa, akainyosha na mikono yake, akasema viungo hivi alivipata mbinguni na anatumaini kuvipata tena kutoka huko.

Kufikia karibu mwaka 200, Rabi Yehuda ha-Nasi alipoikusanya Mishna, yaani sheria za mapokeo ambazo ndizo msingi wa Talmudi, jambo lilikwisha kuwa msingi. Imeandikwa humo kwamba Waisraeli wote wana fungu katika ulimwengu ujao, na katika kuwataja watakaokosa fungu hilo, aliyetangulizwa ni yule anayesema ufufuo wa wafu hautokani na Taurati. Sala kuu ya Kiyahudi, inayosaliwa kwa kusimama mara 3 kwa siku, inamsifu Mungu katika dua yake ya pili kuwa ndiye anayewahuisha wafu. Ni hukumu kali sana kwa watu wanaodaiwa kwamba hawaamini.

Rabi huyo huyo ndiye anayetajwa katika kisa ninachokipenda kuliko vyote nilivyosoma. Talmudi inasimulia kwamba Kaisari aitwaye Antoninus alimwambia kwamba mwili na roho vinaweza kujinasua siku ya hukumu: mwili utasema roho ndiyo iliyokosa, kwani tangu ilipotoka mimi nimelala kama jiwe; na roho itasema mwili ndio uliokosa, kwani tangu nilipoutoka mimi naruka hewani kama ndege. Rabi akamjibu kwa mfano. Mfalme mmoja alikuwa na bustani yenye tini nzuri za mwanzo, akaweka walinzi 2, mmoja kiwete na mwingine kipofu, akidhani kwamba hawa hawawezi kumwibia. Kiwete akamwambia kipofu kwamba anaziona tini nzuri, ambebe mabegani wakachume. Wakachuma, wakala. Mfalme aliporudi akauliza tini ziko wapi, kiwete akasema, mimi nina miguu ya kuniendea? Kipofu akasema, mimi nina macho ya kuonea? Mfalme hakubishana nao. Akamchukua kiwete akampandisha juu ya mabega ya kipofu, akawahukumu kama mtu mmoja.

Kwa mfano huo mtu anaelewa kwa nini Wayahudi wengi hawakuridhika na kusema roho inabaki basi yatosha. Mwili nao ulifunga, ulisujudu, ulibeba mizigo ya wengine, na mwili nao ulikula tini. Ndiyo sababu mapokeo yao yanakataza kuuchoma moto mwili wa maiti, na ndiyo sababu kwa karne nyingi watu wametamani kuzikwa kwenye Mlima wa Mizeituni, mkabala na Yerusalemu, wakiamini kwamba ufufuo utaanzia huko.

Mwandishi angesema kwamba Wayahudi wamehitilafiana juu ya namna ya maisha hayo, asingekosea. Wamehitilafiana sana. Moses Maimonides, ambaye Waarabu humwita Musa bin Maimun, tabibu aliyeishi Fustat nchini Misri zama za Sultani Salahuddin na kufariki mwaka 1204, aliiweka imani ya ufufuo kuwa msingi wa 13 na wa mwisho katika misingi ya dini yake. Hata hivyo alifundisha kwamba katika ulimwengu ujao hakuna miili, akishikilia kauli ya Talmudi kwamba huko hakuna kula wala kunywa wala kuzaa wala husuda, bali wenye haki wameketi na mataji vichwani wakiufurahia mng'ao wa Mungu. Mpaka Baghdad na Yemen watu wakanong'ona kwamba tabibu anaukana ufufuo. Ikambidi mwaka 1191 aandike risala nzima, kwa Kiarabu, kueleza kwamba anauamini: wafu watafufuka na miili yao, wataishi maisha marefu, kisha watakufa tena, na roho zao ndizo zitakazodumu. Nachmanides wa Uhispania, aliyezaliwa Maimonides angali hai, hakukubaliana naye, akasema mwili uliofufuliwa utabaki na roho yake daima. Wote wawili wanaheshimiwa mpaka leo.

Wako pia wanaoamini kwamba roho hurudi duniani katika mwili mwingine ili ikamilishe iliyoyaacha. Saadia Gaon wa Baghdad, katika karne ya 10, aliliita wazo hilo upuuzi, lakini watu wa Kabala walilikumbatia, hasa wanafunzi wa Isaac Luria aliyefariki Safed mwaka 1572. Na wako Wayahudi wa Mageuzi, ambao marabi wao walikutana Pittsburgh nchini Marekani mwaka 1885 wakatangaza kwamba wanaamini roho haifi lakini hawaamini ufufuo wa mwili wala jehanamu. Wakabadili na sala, badala ya kusema Mungu anahuisha wafu wakasema anahuisha vyote. Kitabu chao cha sala kilichotoka Marekani mwaka 2007 kimelirudisha neno la kale kando ya lile jipya, kila mtu asome analoliamini. Leo wapo pia Wayahudi wasioamini chochote juu ya ahera, kama walivyo watu wa namna hiyo katika kila dini. Hao mwandishi angeweza kuwataja, bila kuwafanya ndio kipimo cha wote.

Sasa nirudi kwenye duka letu, kwa sababu mengine yote niliyasoma baadaye lakini haya niliyaona.

Mzee alifika Kenya miaka ya 1930 akitoka Ujerumani, akiwa kijana aliyekimbia mateso. Siku ya Ijumaa mimi nilitoka adhuhuri kwenda msikitini, naye alifunga duka kabla jua halijazama ili aipokee Sabato, kwa hiyo ilikuwa ndiyo siku tuliyozungumza mambo ya dini tukimalizia hesabu za wiki. Ijumaa moja nilimwuliza, kwa kuwa nilikuwa nimesikia watu wakisema hivyo, ikiwa ni kweli kwamba pepo ya Wayahudi ni ya Wayahudi peke yao. Akaniambia, "Kijana wangu, Rabi Yehoshua alisema zamani kwamba watu wema wa mataifa yote wana fungu katika ulimwengu ujao. Nafasi yako iliwekwa kabla hujazaliwa, usiipoteze tu." Miaka mingi baadaye niliikuta kauli hiyo ya Rabi Yehoshua kama alivyoniambia, na Maimonides ameikubali kuwa ndiyo sheria.

Nikamwuliza basi kwa nini simsikii akizungumzia ahera kama sisi tunavyoizungumzia. Akaifunga daftari ya hesabu, akasema, "Taurati ina amri 613, na hakuna hata moja inayoniamuru nijue kaburini kuna nini. Zote zinaniambia nifanye nini leo." Huenda mwandishi wako alikutana na Myahudi wa namna hii akadhani ni mtu asiyeamini. Katika Mishna ziko kauli 2 za Rabi Yaakov zinazofuatana: kwamba saa moja ya toba na matendo mema katika dunia hii ni bora kuliko maisha yote ya ulimwengu ujao, na kwamba saa moja ya raha ya ulimwengu ujao ni bora kuliko maisha yote ya dunia hii. Rabi huyo huyo ndiye aliyesema dunia ni ukumbi wa mbele, jitengeneze ukumbini upate kuingia sebuleni. Mtu anayejitengeneza ukumbini hawezi kusemwa kwamba ameisahau sebule.

Mzee alifariki mwaka 1986. Wanaume wa jamii yake walimwosha wenyewe kwa kujitolea, wakamvika nguo nyeupe za kitani zisizo na mfuko hata mmoja, kwa kuwa hakuna cha kwenda nacho. Jeneza lilikuwa la mbao tupu, halina nakshi wala shada la maua. Baadaye nilisoma kwamba zamani gharama za mazishi ziliwalemea Wayahudi mpaka ndugu wakawa wanamwacha maiti na kukimbia, ndipo Rabban Gamliel, aliyekuwa mkuu wao, akaagiza yeye mwenyewe azikwe kwa kitani cha kawaida, na watu wote wakamfuata. Nikifikiria matanga ya siku hizi yanayomwacha mjane na madeni ya mahema na vipaza sauti, natamani tungekuwa na mkubwa mmoja wa kutuanzia.

Makaburini tulimfukia wenyewe. Mwanawe alianza, akachota udongo kwa mgongo wa sepetu, kuonyesha kwamba kazi hii haifanywi kwa haraka kama kazi nyingine, na alipomaliza hakunikabidhi sepetu mkononi bali aliichomeka kwenye udongo nami nikaichukua hapo, ili msiba usipokezanwe. Kisha akasimama akasoma Kadishi. Sala hiyo karibu yote ni ya Kiaramu, lugha ya kale iliyo ndugu na Kiebrania, na inapaswa kuwepo angalau watu 10 ili isomwe, ambao kwa mapokeo ni wanaume, ingawa Wayahudi wengine leo huhesabu na wanawake. Nilidhani ni ya kumwombea maiti, lakini nilipotafsiriwa nilishangaa kwamba haimtaji maiti wala kifo hata kwa neno moja. Inaanza kwa kusema jina kuu la Mungu litukuzwe na litakaswe, na inakwisha kwa kuomba amani. Mtoto aliyefiwa anasimama mbele ya watu kumsifu Mungu ambaye amemchukua baba yake, na wanaamini kwamba sifa hiyo, kwa kuwa imetoka kinywani mwa mtoto aliyelelewa na marehemu, inahesabiwa kwa marehemu mwenyewe.

Walikaa matanga siku 7 wakiwa wameketi chini, na Talmudi inasema katika siku hizo roho ya mtu nayo inauombolezea mwili wake. Mwanawe, aliyekuwa akiishi Uingereza, alirudi huko akaendelea kusoma Kadishi kila siku katika sinagogi ya mtaa wake. Hapa ndipo ilipo hesabu ambayo mimi, karani, sijawahi kuona inayofanana nayo. Mishna inasema hukumu ya waovu katika Gehinom ni miezi 12. Kwa hiyo jehanamu ya Wayahudi walio wengi si ya milele. Ni moto wa kusafisha, na wengi hutoka. Mtoto akisoma Kadishi miezi 12 kamili itakuwa kama anatangaza kwamba mzazi wake alikuwa mwovu, anayestahili kukaa humo mpaka siku ya mwisho ya miezi hiyo. Kwa hiyo desturi ni kusoma miezi 11 na kuacha. Baada ya hapo, kila mwaka siku ya kufa kwake, huwashwa taa ya kuwaka usiku na mchana, kwa kuwa Mithali inasema pumzi ya mwanadamu ni taa ya Mungu.

Miezi 11 ilipotimia nilipata barua kutoka Uingereza, na ninayo mpaka leo. Imeandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa alizaliwa na kukulia Nairobi. Inasema, "Ndugu yangu, leo asubuhi nimesoma Kadishi ya mwisho. Mdomo unataka kuendelea, lakini Baba hakuwa mtu wa kuhitaji mwezi wa 12."

Ndugu Mhariri, naomba gazeti lisahihishe zile sentensi tatu, na safari nyingine mwandishi apige hodi kabla ya kuandika, kwa maana wenyewe si watu wa mbali. Nairobi wana sinagogi iliyo katikati ya jiji, na kule Mbale, mashariki ya Uganda, wako Abayudaya, Waganda waliomfuata Semei Kakungulu alipoishika dini hiyo mwaka 1919, na ambao waliendelea nayo hata Idi Amin alipoipiga marufuku.

Nami niko tayari kumpeleka makaburini nikienda Nairobi. Kaburi la Mzee lina jiwe dogo, na chini ya jina lake zimechongwa herufi 5 za Kiebrania zinazochongwa karibu kila kaburi la Kiyahudi, zikifupisha maneno ambayo Abigaili alimwambia Daudi katika kitabu cha kwanza cha Samweli, kwamba nafsi yake ifungwe katika furushi la uhai. Desturi yao si kuweka maua bali kokoto. Zangu, za kila safari, nimezipanga upande wa kulia wa jiwe.

Wako,
Karani mstaafu,
Mombasa.